MAZUTI CHINI YA UDONGO HAIPOTEI

Ndugu mfanyakazi, ukimwaga mazuti chini leo, kesho udongo unakauka nawe unasema: "Imekwisha." Haikwishi. Inashuka polepole mpaka kwenye maji ya visima.

Mazuti na esansi ni nyepesi kuliko maji, zinaelea juu yake. Lakini trikloroetileni ya kusafishia vyuma ni nzito karibu mara moja na nusu kuliko maji: inazama chini kabisa, na kuitoa ni kazi ngumu.

Kusafisha kunafanywa hivi. Kwanza, kuziba panapovuja na kuchimba udongo uliolowa. Pili, kutoboa visima vya kuvuta mafuta yanayoelea. Tatu, kupuliza hewa ardhini, ibebe mvuke wa esansi na kusaidia vijidudu vya udongo vinavyokula mafuta. Mabaki yanashikamana na udongo. Kazi inaweza kuchukua miaka mingi.

Mama, maji yakinuka mazuti, usiyachemshe upate kuyanywa. Moto unaua mikrobu, hautoi mazuti. Acha kisima hicho, upashe habari dispansere.

Nawe baba, mafuta machafu ni ya pipa, si ya mfereji. Ukiona pipa linavuja, mwambie kapita siku ileile.