Nywele Zimezwazo Huziba Tumbo

Mfugaji wa Zombe, mashariki ya mji wa Kitui, achinjapo ndama, huenda akakuta tumboni mwake donge gumu la manyoya yaliyosokotana. Ndama hulamba ngozi yake na za wenziwe, na manyoya anayoyameza hayayeyuki. Ni watu wachache wajuao ya kuwa donge kama hilo laweza kufanyika ndani ya tumbo la binadamu pia, na likamwua.

Ugonjwa huu si mpya. Daktari mmoja Mfaransa, Baudamant, aliuandika katika mwaka 1779, na mwaka 1883 daktari Mjerumani, Schönborn, alilitoa donge hilo kwa kumpasua mgonjwa. Huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana walio na tabia ya kung'oa nywele zao na kuzila, pengine bila kujitambua. Wengine hula nywele za bandia au nyuzi za blanketi. Si kila ang'oaye nywele huzila, wala si kila azilaye hupata donge; lakini apataye yumo hatarini.

Sababu yake ni hii. Nywele zimefanywa kwa kitu kile kile kifanyacho kucha, kwato na pembe, na maji makali ya tumbo hayawezi kukiyeyusha. Tena nywele ni nyororo, kwa hiyo tumbo linaposukuma chakula mbele, zenyewe huteleza na kubaki katika mikunjo yake. Nyingine huongezeka, mafuta ya chakula hushika humo na kuoza, na baada ya miezi au miaka donge huwa jeusi, lenye kunuka, na lenye umbo la tumbo lenyewe. Pengine mkia wake hushuka mpaka ndani ya utumbo mdogo. Tangu mwaka 1968 madaktari huuita ugonjwa wenye mkia huo kwa jina la Rapunzel, msichana wa hadithi ya Kijerumani aliyekuwa na nywele ndefu mno.

Mgonjwa hushiba upesi, hutapika, hukonda, hupungukiwa na damu, na pumzi yake hunuka. Juu ya kitovu huweza kupapaswa uvimbe mgumu, na kichwani huonekana mahali palipo na upara. Asipotibiwa, utumbo huweza kuziba au kutoboka, au sehemu yake moja ikaingia ndani ya nyingine kama mkono wa shati uliokunjwa.

Hapo ndipo kosa kubwa hutendeka. Msichana mwenye uvimbe na kutapika husingiziwa mimba au husemwa kuwa amerogwa, na siku za kumponya hupotea bure. Wala haifai kumpa haluli au dawa nyingine ya kuharisha, kwani donge kubwa halitoki kwa njia hiyo. Yafaa apelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari habari za nywele waziwazi, maana mtoto mwenyewe huona haya kuzitaja. Picha ya tumbo huonyesha donge, na mara nyingi dawa yake ni kupasuliwa tu. Mpira wenye kamera upitishwao kinywani hufaa mara chache, donge linapokuwa dogo.

Lakini kulitoa donge ni nusu ya kazi. Tabia ikibaki, donge hurudi. Kumpiga mtoto au kumcheka humfundisha kujificha, wala hakumwachishi. Kumnyoa hupunguza nywele za kumeza, lakini hakuondoi hamu yenyewe. Lililo bora ni kuchunguza ni saa zipi mkono wake huenda kichwani, na kuupa kazi nyingine saa hizo, kama vile kusuka kiondo; kumwuliza kwa upole linalomsumbua; na kumrudisha kwa daktari apimwe damu na kusaidiwa na mjuzi wa magonjwa ya akili. Mzazi aonaye nywele zikipungua kichwani mwa mwanawe, wala hazionekani mtoni, chini au kitandani, aulize mapema ziendako.