Bronocice: Kijiji cha Poland chenye mkokoteni wa miaka 5,500

Bronocice ni kijiji kidogo kusini mwa Poland, kaskazini mashariki mwa mji wa Kraków. Wageni wasingekijua lau si chungu kimoja cha udongo, ambacho vigae vyake vilifukuliwa miaka ya 1970 na wanaakiolojia Janusz Kruk wa Poland na Sarunas Milisauskas kutoka Marekani.

Chungu hicho kilifinyangwa na wakulima wa yapata mwaka 3500 kabla ya Kristo. Ubavuni kimechorwa mti, mistari inayofanana na mto, na miraba ambayo huenda ni mashamba. Katikati ya hayo unarudiwa mchoro mmoja: chombo chenye magurudumu manne, na mbele yake mti mrefu wa kufungia wanyama. Ni mojawapo ya michoro ya kale zaidi ya mkokoteni inayojulikana duniani.

Je, nani aliuvuta? Jibu limo kwenye mifupa. Pembe za ng'ombe zilizopatikana hapo zina alama za kusuguliwa, kana kwamba zilifungwa kamba mara kwa mara. Farasi hawakuwa na kazi hiyo. Walikuwa ni maksai.

Kwa mkulima hilo lilikuwa jambo kubwa. Kabla ya hapo mavuno, kuni na samadi vilibebwa kichwani au mgongoni, na shamba la mbali lilimchosha mtu kabla hajaanza kulima. Jozi ya maksai iliondoa mzigo huo, lakini haikupatikana bure: mnyama hulishwa miaka kadhaa na kufundishwa nira kabla ya kufanya kazi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye uzito wa habari hii, kwani mwenye maksai na asiye nao hawakuwa sawa tena shambani.

Kama gurudumu lilibuniwa Poland, hilo ni suala jingine, na wataalamu bado wanabishana. Kuna alama za maandishi zenye umbo la gari kutoka Uruk, katika Iraq ya leo, na nyayo za magurudumu huko Flintbek, kaskazini mwa Ujerumani, zote za karne zinazokaribiana. Bronocice ina faida moja: umri wa chungu ulipimwa kwa mfupa wa mnyama uliokutwa katika shimo lilelile.

Chungu chenyewe hakiko kijijini. Kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Akiolojia mjini Kraków.