Gia ya Kuteremkia Sachangwan Huchaguliwa Kileleni

Dereva mpya wa lori anayetoka Mau Summit kuelekea Nakuru anapaswa kuchagua gia kabla mteremko wa Sachangwan haujaanza. Wanafunzi wengi wa leseni za daraja C na CE huliona somo hili dogo, kwani walizoea magari madogo, ambayo gia yake huingia karibu wakati wowote.

Lori kubwa ni tofauti. Gia zake huwa nane, kumi na mbili au hata kumi na sita, zikiwa katika kundi la chini na la juu. Katika malori kadhaa, hasa ya zamani, gia haiingii mpaka kasi ya injini ilingane na ya magurudumu. Dereva hukanyaga klachi, hutoa gia, huachia klachi, hugusa mafuta kuinua mizunguko ya injini, kisha hukanyaga klachi tena na kuingiza gia ya chini. Uwanjani, na lori tupu, hilo ni zoezi la kawaida. Mteremkoni, lori na trela vikiwa na uzani unaoweza kufika tani 56, gia ikishatoka huenda isirudi.

Hata hivyo, wapo wanaoitoa kwa hiari na kuteremka na gia huru, wakidai wanaokoa mafuta. Hesabu hiyo ni mbovu. Injini nyingi za kisasa za dizeli hukata mafuta zenyewe gari likiteremka kwenye gia bila kukanyagwa mafuta. Kwenye gia huru huendelea kuyatumia ili zisizime. Uzani wote nao huachiwa breki, ambazo zikipata moto kupita kiasi hazishiki.

Madereva wazoefu huteremka kwa gia waliyopandia mlima au iliyo chini yake, huku breki ya injini ikifanya kazi. Breki ya mguu hukanyagwa kwa uthabiti hadi kasi ipungue, kisha huachiwa ipoe. Kuipiga-piga mfululizo humaliza upepo kwenye mitungi.

Ukuta uliojengwa katikati ya barabara hii hutenganisha magari yanayokuja na yanayokwenda, lakini haumzuii aliyekosa breki kumgonga aliye mbele yake.

Moshi ukionekana magurudumuni, dereva asimame mapema mahali salama, aweke vizuizi na asubiri. Asimwagie maji: ngoma ya breki yenye moto hupasuka.