Kuwafundisha Watoto Nchi na Mataifa Katika Nyumba ya Kikristo: Namna ya Kuchagua Mtaala

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mzazi Mkristo awezavyo kuchagua mtaala wa kumfundishia mtoto wake nyumbani habari za nchi na mataifa. Mfano wetu ni Kamsamba, katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Tumepachagua kwa sababu mahali palipo mbali na maduka ya vitabu ndipo uchaguzi wa kitabu unapokuwa na uzito zaidi. Nyumba yenye vitabu ishirini husahihisha kosa la kimoja kwa kingine. Nyumba yenye kimoja hukiamini.

Hapana budi tuseme mapema kwamba hatuwashauri wazazi kuwaondoa watoto shuleni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 humlazimu mzazi kumwandikisha mtoto katika elimu ya msingi na kuhakikisha anahudhuria. Naye Martin Luther, alipowaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani mwaka 1524, aliwajibu wale waliodai kwamba kila mzazi angeweza kuwafundisha wanawe mwenyewe. Alieleza kwamba malezi ya nyumbani peke yake, hata yakifanikiwa, humpa mtoto adabu ya nje tu, lakini shuleni husikia habari za ulimwengu mzima kana kwamba anatazama katika kioo. Hata hivyo, ni Luther huyo huyo aliyetoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529 na kuiweka mikononi mwa mkuu wa nyumba. Basi nyumba na shule hazishindani. Tunaposema masomo ya nyumbani, tunamaanisha yale ya jioni, ya likizo, na ya siku ambazo mvua imefunga njia.

1. Mitaala iliyopo

Mitaala mingi ya Kikristo ya kufundishia nyumbani imetungwa Marekani, hasa kuanzia miaka ya 1970. Ina faida zake. Hupanga kazi siku kwa siku, jambo linalomsaidia mzazi asiye mwalimu, tena haioni haya kumtaja Muumba inapoeleza milima na mito. Lakini iliandikwa kwa ajili ya mtoto mwenye majira manne ya mwaka, anayehesabu kwa maili, na ambaye Afrika kwake ni sura moja karibu na mwisho wa kitabu.

Kwa upande mwingine, mtaala wa Tanzania ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Jiografia na Mazingira na lile la Historia ya Tanzania na Maadili. Maoni yetu ni kwamba vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania viwe msingi, na kitabu cha Kikristo kutoka nje kiwe msaidizi. Lakini vyote viwili vipimwe. Tunapendekeza vipimo vitatu.

2. Je, kitabu kinakubaliana na uwanja wa nyumba?

Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini kitasema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Mtoto wa Kamsamba na asimike kijiti uwanjani, apime kivuli kinapokuwa kifupi kabisa. Yeye anaishi takriban nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini mwake, na kivuli huangukia kusini. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Mara mbili kwa mwaka, mnamo Februari na Oktoba, jua hupita utosini na kivuli hukaribia kutoweka. Kwa kijiti kimoja mtoto amejifunza umbo la dunia, na zaidi ya hayo amejifunza kwamba maandishi ya wanadamu hupimwa.

Ndivyo ilivyo na maji. Vitabu hufundisha kwamba mito huishia baharini. Mto Momba, ambao huko Zambia huitwa Saisi, huishia Ziwa Rukwa, nalo ziwa hilo halina mto unaotoka kwenda baharini. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, ndiyo maana yana magadi, na ukubwa wake hupanuka na kupungua kwa vizazi. Tena iko mito miwili yenye jina la Songwe: mmoja huingia Rukwa, mwingine ni mpaka wetu na Malawi na huingia Ziwa Nyasa. Mtoto akiweza kueleza tofauti hiyo kwenye ramani, ameanza kuwa mwanajiografia.

3. Je, kitabu kinashika amri ya nane?

Hiki ndicho kipimo kikuu. Wazazi wengi hupima Ukristo wa kitabu kwa wingi wa aya za Biblia zilizomo. Sisi twasema kipimwe kwa amri ya nane, inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Luther alifundisha kwamba amri hiyo hutudai pia kumtetea jirani, kumsema vema na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio bora. Kitabu kinachoyataja mataifa mengine kwa giza, njaa na ushirikina tu kimeivunja, hata kama kila ukurasa una aya.

Ramani nayo ni shahidi. Ramani iliyobuniwa na Mercator mwaka 1569 iliwafaa mabaharia, lakini ikitundikwa mbele ya mtoto bila maelezo, Greenland huonekana kulingana na Afrika, hali Afrika ni kubwa kuliko hiyo kwa takriban mara 14.

Mipaka pia yahitaji kuelezwa kwa haki. Mapatano ya Ujerumani na Uingereza ya mwaka 1890 yaliwagawa Wanyamwanga, na hata leo ndugu wako Tunduma na Nakonde, huku na huku. Injili nayo ilifika katika eneo hili kwa njia mbili: Wamoravian walijenga Mbozi mwaka 1899, na Waskoti wa Misheni ya Livingstonia walijenga Mwenzo, upande wa Zambia. Mtume Paulo alipohubiri Athene (Matendo 17:26) alifundisha kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja. Mtoto aelewe kwamba mpaka ni kazi ya serikali, wala haupunguzi undugu.

Lakini kitabu chema hakifui dafu ikiwa wakati wa chakula mzazi humsema mfugaji Msukuma kana kwamba ni adui, au mfugaji humsema hivyo mkulima Mwanda. Ugomvi wa mashamba na malisho ni jambo la kweli, na lina mabaraza yake. Mtoto asifundishwe kwamba kabila zima ni wezi. Somo la mataifa huanzia hapo, kabla ya kufika China au Brazil.

4. Je, mahali petu pana nafasi ulimwenguni?

Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, katika bonde hili hili la Rukwa. Vipande vyake havikufika kilo moja, lakini kundi zima la vimondo adimu hutajwa kwa jina la Ivuna. Mwezi wa Desemba 2020 chombo cha Japani kilileta duniani mchanga wa asteroidi iitwayo Ryugu, na wanasayansi wakaona kwamba unafanana na mawe ya kundi hilo. Vilevile wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walitengeneza chumvi Ivuna kati ya karne ya 13 na ya 15. Mtoto anayesoma habari za chumvi katika Mathayo 5:13 anapaswa kuyajua hayo.

Hitimisho

Basi mzazi na aanze na uwanja wa nyumba na bonde la Rukwa, kisha avuke mpaka wa Zambia, halafu aende kwenye nchi za Biblia na mabara mengine. Wainjilisti na walimu wa shule ya Jumapili wanaweza kusaidia kwa kuvisoma vitabu kwanza na kuweka ramani moja nzuri kanisani. Mtoto aliyefundishwa kuieleza kweli nchi ya jirani yake atakuwa tayari, siku moja, kuketi naye.