Aya Katika Insha ya Utafiti: Namna ya Kuijenga

Kila mwaka tusahihishapo insha za wanafunzi wetu tunakutana na kasoro ileile. Utangulizi ni mzuri, hitimisho linajenga, bali katikati zimejaa nukuu zilizofuatana kama mawe yaliyomwagwa kiwanjani pasipo mwashi. Msomaji hujua wengine wamesema nini. Asilolijua ni mwanafunzi mwenyewe anasema nini. Mimi nami sikusalimika. Sura ya kwanza ya tasnifu yangu ilirudishwa ikiwa na swali moja pembeni mwa karibu kila ukurasa: “Na wewe wasemaje?”

Aya ni fungu la sentensi linalobeba wazo moja na kulithibitisha. Mfano ulio karibu nasi ni Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529. Humo amri huwekwa kwanza peke yake, kisha huulizwa maana yake, ndipo maelezo hufuata kwa maneno machache. Tofauti ni moja: Katekisimo hueleza imani ambayo Kanisa limekwisha kuikiri, lakini aya ya utafiti huthibitisha jambo ambalo msomaji bado ana haki ya kulikataa.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anachunguza sharika za Kilimanjaro baada ya wamisionari wa Leipzig kuondolewa mwaka 1920. Anaandika kwamba wamisionari walifika Machame mwaka 1893, kwamba baadaye waliondolewa, na kwamba Kanisa liliendelea kwa neema ya Mungu. Hakuna uongo hapo, wala hakuna hoja. Aya yake inahitaji mambo manne:

(a) Dai. Sentensi ya kwanza itamke analotaka kulithibitisha, kwa mfano: “Baada ya mwaka 1920 sharika hizi zilisimama kwa kazi ya walimu wenyeji.”

(b) Ushahidi. Hapa zitajwe kumbukumbu za sharika, vitabu vya ubatizo au masimulizi ya wazee, pamoja na mahali na tarehe.

(c) Ufafanuzi. Hii ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi. Kitabu cha ubatizo huonyesha waliobatizwa. Hakisemi ni nani aliyewafundisha. Mwandishi hana budi kueleza jinsi ushahidi wake unavyofika kwenye dai, na pale usipofika, atafute mwingine.

(d) Pingamizi. Katika miaka ya 1920 Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walikuja kusaidia kazi ya Kilimanjaro. Mwandishi asilifiche jambo hili. Pengine litamlazimu kupunguza dai lake, aseme “katika miaka ya kwanza baada ya 1920”. Dai lililopunguzwa hivyo lina nguvu zaidi, kwa kuwa sasa linalingana na ushahidi.

Sentensi ya mwisho ikabidhi swali kwa aya inayofuata: je, walimu hao walikuwa na mamlaka gani?

Ili kujipima, mwanafunzi anakili sentensi ya kwanza ya kila aya kwenye karatasi moja, azisome kwa mfululizo. Zikileta hoja inayoeleweka, insha ina mifupa. Zikiwa ni majina ya waandishi na tarehe tupu, arudi kazini.

Yawezekana mtu akauliza: haya yamhusu nini mchungaji wa kijijini? Yanamhusu sana. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na anayekata nukuu ili mwandishi aonekane kusema asilolisema amemshuhudia uongo mtu ambaye mara nyingi ni marehemu, asiyeweza kujitetea. Tena, siku moja mwanafunzi huyu ataketi katika baraza la wazee, na mashtaka juu ya mwinjilisti au mjane yataletwa mbele yake. Wengi watakuwa na madai, na wachache watakuwa na ushahidi. Aliyezoea kutenganisha mambo hayo mawili katika aya zake atauliza kabla ya kuhukumu: “Tumejuaje?”