Dawn Staley na Kipande cha Wavu

Wasichana wa shule huko Mwankoko, katika Mkoa wa Singida, kama wenzao wa Tanzania nzima, huujua mpira wa pete. Mchezo huo unao ndugu yake mkubwa, nao ni mpira wa kikapu, uliobuniwa mwaka 1891 huko Marekani na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, James Naismith. Yeye alitundika vikapu viwili vya matunda, na kila mpira ulipoingia ilibidi mtu apande ngazi autoe. Miaka michache baadaye mchezo ulivuka bahari ukafika Uingereza, na huko ndiko ulikogeuka kuwa mpira wa pete. Ndiyo sababu pete za michezo yote miwili huwekwa juu sawasawa, mita 3 na sentimita 5 kutoka chini.

Watu wengi hudhani kuwa pete iliyo juu hivyo ni ya warefu tu. Dawn Staley hakuwa mrefu. Kimo chake kilikoma kwenye mita 1 na sentimita 68. Alizaliwa mwaka 1970 katika mji wa Philadelphia, akiwa wa mwisho katika watoto watano, akakulia katika mtaa wa watu maskini. Mama yake, Estelle, alikuwa amehama kutoka South Carolina, jimbo la kusini. Uwanjani Dawn alicheza na wavulana, mara nyingi yeye pekee msichana kati yao, na wavulana hawana huruma katika mchezo.

Kazi yake ilikuwa kuuleta mpira mbele na kuwagawia wenzake. Mwenye kazi hiyo hana budi kujua kila mmoja amesimama wapi, nani amechoka, na nani yuko tayari kufunga. Basi, hata kabla ya kuwa kocha, alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya ukocha.

Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, aliifikisha timu yake katika timu nne za mwisho za vyuo vyote vya Marekani mara tatu, mwaka 1990, 1991 na 1992, na mara zote tatu walishindwa. Uchungu mkubwa ulikuwa wa 1991: katika fainali walifungwa na Tennessee 70 kwa 67, baada ya muda wa nyongeza. Dawn alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano hayo, lakini kombe lilikwenda kwa wengine. Alihitimu bila kulipata.

Katika timu ya taifa alipata medali za dhahabu za Olimpiki mwaka 1996, 2000 na 2004. Na huko Athens, mwaka 2004, ndiye aliyechukua bendera ya Marekani siku ya ufunguzi. Chuo Kikuu cha Temple kilipomwita kuwa kocha, kwanza alikataa, kwa kuwa moyo wake ulikuwa katika kucheza. Hatimaye alikubali mwaka 2000, na kwa miaka sita alifundisha majira ya baridi na kucheza majira ya joto, kazi mbili ambazo kila moja yatosha kumchosha mtu.

Mwaka 2008 alikwenda Chuo Kikuu cha South Carolina, katika jimbo lile lile alilotoka mama yake. Msimu wa kwanza timu yake ilishinda michezo 10, ikashindwa 18. Ilichukua miaka tisa. Mwaka 2017 waliifunga Mississippi State 67 kwa 55, na kombe alilolikosa kama mchezaji akalipata kama kocha. Alilitwaa tena mwaka 2022, na mwaka 2024 bila kushindwa hata mchezo mmoja kati ya 38. Katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, aliiongoza timu ya taifa kupata dhahabu, safari hii akiwa kocha.

Iko desturi ya mchezo huu huko Marekani, kwamba washindi hupanda ngazi na kuukata wavu wa pete vipande vipande. Carolyn Peck, mwanamke mweusi wa kwanza kulipata kombe la vyuo akiwa kocha, mwaka 1999, alimpa Staley kipande cha wavu wake mwaka 2015, kwa sharti kwamba akishinda amrudishie, naye ampe mwingine kipande cha wavu wake mwenyewe. Staley aliposhinda alikirudisha. Kisha, mwaka 2021, aliukatakata wavu wake wa 2017, akawatumia vipande wanawake weusi waliokuwa makocha wakuu wa timu za vyuo.