Tiketi ya kurudi na tiketi ya kurudishiwa

"Mama, iyi tiketi inarudishaka?" Ndivyo nilivyomwuliza mama aliyekaa nyuma ya kaunta, katika wakala mmoja wa safari hapa Lubumbashi. "Ndiyo, yaya, ni ya kwenda na kurudia," akanijibu, wala hakusema uongo. Mimi nilitaka kujua kama feza itanirudia nikikosa viza. Yeye alisikia kwamba nauliza kama mimi mwenyewe nitarudi kutoka Ulaya. Nikahesabu dola 940, nyingi zikiwa za baba mdogo na za ndugu wa ukoo waliochanga ili nifike kwenye kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani. Viza ilitoka siku nne baada ya ndege kuondoka. Mwanafunzi wa lugha kupoteza fedha kwa ajili ya mnyambuliko wa kitenzi kimoja ni jambo la kuchekesha, lakini baba mdogo hakucheka.

Tangu hapo wenzangu wa kitivo wanaotazamia safari huja kuniuliza, na walimu wawili watatu pia. Nimeona afadhali niandike mara moja yale niliyojifunza.

Tuanze na maneno yenyewe, maana ndiyo kazi yetu. Kwenye karatasi za wakala utasoma Kifaransa: "remboursable" na "modifiable". Wengi huyachukua kama ndugu wawili, lakini ni watu wa nyumba mbalimbali. "Remboursable" ni tiketi ambayo ukiiacha unarudishiwa fedha. "Modifiable" ni tiketi ambayo unaweza kubadili tarehe yake, na fedha inabaki kwa kampuni. Tena hiyo ya kubadili ina gharama mbili: kwanza faini ya kubadili, kama ipo, pili tofauti ya bei kati ya siku uliyonunua na siku unayohamia. Mtu husikia "kubadili ni bure" akafurahi, halafu anaambiwa aongeze dola 200 kwa sababu nafasi za bei nafuu za siku hiyo zimekwisha. Faini kweli hakuna. Tofauti ya bei ipo. Kuna na neno la tatu, "avoir", yaani deni ambalo kampuni inakubali kuwa nalo kwako: si fedha mkononi, ni haki ya kununua tiketi nyingine kwao, na ina tarehe ya kufa.

Kwa nini viti viwili vilivyo bega kwa bega vina bei tofauti? Kampuni hugawa viti katika madaraja ya bei, kila daraja na herufi yake na sheria zake. Herufi Y kwa kawaida ndiyo bei kamili ya viti vya kawaida, yenye uhuru mwingi. Zile za chini yake ni nafuu kwa sababu umeuza uhuru wako. Kwa hiyo usiridhike na bei peke yake. Mwombe wakala akuchapie sheria za bei hiyo, uzisome kabla ya kutoa fedha. Yeye anaziona kwenye kompyuta yake. Hazimo katika karatasi fupi anayokupa. Na ukichanganya madaraja, kwenda kwa bei ya uhuru na kurudi kwa bei nafuu, mara nyingi sheria kali zaidi ndiyo inayotawala tiketi nzima.

Sasa hesabu. Tuseme tiketi isiyorudishiwa ni dola 900, na ya kurudishiwa ni dola 1300. Je, hizo 400 zinafaa? Wafikirie watu kumi wenye hali kama yako. Wakinunua ya nafuu, wote pamoja wanatoa 9000, awe amesafiri asisafiri. Wakinunua ya kurudishiwa, wanaolipa mwishoni ni wale tu waliosafiri. Wakikwama watatu, saba wanatoa 9100, karibu sawasawa. Wakikwama wanne, sita wanatoa 7800. Basi kwa bei hizo, ukiona hatari ya kukwama kwako inapita tatu kwa kumi, tiketi ghali ndiyo rahisi. Aliyepata viza mara tatu na ana barua ya chuo anaweza kujiamini. Anayeomba mara ya kwanza, asiye na mshahara, mimi singemshauri hivyo. Lakini kumbuka pia kwamba 1300 lazima uwe nazo leo, na marudisho yanaweza kuchukua majuma mengi. Fedha ya kukopa haifai kulala huko.

Kwa safari ya Schengen kuna njia iliyo bora kuliko zote mbili, nami sikuijua. Ombi la viza linahitaji uthibitisho wa nafasi ya kwenda na kurudi, yaani "réservation"; si lazima iwe tiketi iliyolipwa. Wakala anaweza kukuwekea nafasi kwenye ndege bila kulipa, kwa muda fulani, halafu ukalipa viza ikiisha kutoka. Kanuni za Schengen zinaruhusu kuomba tangu miezi 6 kabla ya safari, na jibu linatazamiwa katika siku 15, lakini siku hizo zinaweza kufika 45. Mimi nilihesabu 15 tu. Ada ya viza, euro 90 tangu Juni 2024, hairudi hata ukikataliwa, basi hiyo ihesabu kama imekwenda.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Tiketi ya kurudishiwa inadai useme kabla ya ndege kuondoka kwamba huendi. Ukinyamaza na kiti kikaondoka kitupu, kampuni nyingi hukata faini au hukunyima yote. Ukikosa ndege ya kwanza, zile za mbele hufutwa pia, kwa hiyo usidhani utaidaka safari Addis Ababa. Tiketi haihamishiki kwa jina la mwingine. Nilikuwa nimefikiri kumwuzia mwenzangu. Na fedha hurudi kwa njia ileile iliyolipiwa: uliyelipa taslimu kwa wakala utangoja kampuni imrudishie wakala, naye akurudishie wewe, kasoro ada yake. Tunza stakabadhi.

Kampuni yenyewe ikifuta safari, habari ni nyingine: hapo hata tiketi ya bei ya chini unaweza kudai fedha yake. Umoja wa Ulaya umeandika jambo hilo katika kanuni namba 261 ya mwaka 2004, yenye muda wa siku 7 za kurudisha. Ila kanuni hiyo inashika ndege zinazoondoka Ulaya, na zile zinazokwenda Ulaya zikiwa za kampuni za huko. Ukitoka Luano kwa kampuni ya Afrika, usiende kuipiga juu ya meza ya wakala. Hapo utategemea masharti ya kampuni.

Nimeacha jambo moja ambalo hata tiketi "isiyorudishiwa" haifichi kabisa. Bei ya tiketi ni mafungu mawili: nauli, na kodi za viwanja vya ndege. Kodi nyingine hudaiwa kwa sababu umepanda ndege. Usipopanda, huenda ukarudishiwa, na Ufaransa sheria inawalazimisha wauzaji kufanya hivyo. Lakini lazima uombe, hakuna atakayekuita. Mimi niliambiwa na mwalimu wetu mmoja miezi miwili baadaye. Nilirudi kwenye kaunta ileile, nikasema safari hii kwa maneno yote: "Mama, ninaomba nirudishiwe feza ya kodi za viwanja ambazo sikutumia." Akatazama kompyuta, akaandika barua. Baada ya juma la tano nilipata dola 71. Nilizipeleka kwa baba mdogo siku hiyohiyo. Alizihesabu mara mbili, akaniuliza zilizobaki zitakuja lini.